Ethi ya redio ya ridhaa nyumbani: fundi kapiga fimbo dirishani ila boksi bado linawasha vidole

KijanaWaShangani
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini huku Shangani, leseni ya TCRA ninayo, redio ni HF (ya masafa ya mbali) ya wati 100, inakula kwenye powasaplai inayoshusha umeme wa TANESCO mpaka volti 13.8. Antena ni dipoli (waya mbili zinazonyooka kushoto na kulia) ya bendi ya mita 40, kila mkono kama mita 10 hivi, ncha moja nimefunga kwenye mnazi nyingine kwenye mwembe wa jirani (tumeelewana), katikati kuna mlingoti wa bomba la chuma.

Shida zangu. Nikigusa boksi la redio nikiwa peku linawasha vidole, sio kurusha ila unasikia kama sisimizi. Nikiwa 7 MHz kazi inaenda vizuri tu, ila nikihamia 21 MHz (dipoli hii hii inakubali kule) maiki inauma midomo na spika za kompyuta zinatoa sauti yangu kama bata. Nikaita fundi, akapiga fimbo ya ethi ya futi nne ardhini chini ya dirisha, akavuta waya kama mita tatu na nusu mpaka nyuma ya redio. Akapima kwa balbu, layini kwenye fimbo, ikawaka vizuri kabisa, akasema hapa ethi kali, akachukua chake akaondoka. Vidole vimepungua kuwashwa kidogo ila midomo ndo imezidi!

Halafu mvua za Desemba hizo zinakuja na radi zake. Fimbo hii inatosha? Niongeze nyingine? Naombeni msaada.

KoroshoGhafi
Mlingoti wa chuma juu ya nyumba, Shangani, halafu unauliza fimbo ya futi nne mjomba. Radi itakukuta mezani unaita Italia 😂 ngoja waje wajuzi, nimekaa paleee

FundiChuno
Mkuu pole. Mimi ni fundi umeme, leseni ya EWURA, mambo ya redio nitawaachia wenyewe ila upande wa umeme ngoja niseme maana huyo mwenzangu kakuacha pabaya.

Kwanza kuwashwa vidole. Powasaplai za siku hizi zina kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele, moja toka layini moja toka nyutro, zote zinakutana kwenye boksi. Kama soketi yako haina ethi basi boksi linaelea katikati, yaani karibu nusu ya 230, mkondo ni mdogo sana ndo maana unasikia sisimizi tu. Kwa hiyo kabla ya fimbo ya dirishani swali la kwanza lilikuwa: soketi ina ethi kweli? Nyumba nyingi nafungua soketi pini tatu zipo lakini waya wa kijani na njano umekatwa umekunjwa nyuma, au haujawahi kuvutwa kabisa.

Pili, kuhusu fimbo yenyewe. Chukulia udongo wa kawaida wa ohm-mita 100, fimbo ya mita 1.2 unene wa milimita 16 inakupa kama ohm 72. Ya mita 2.4 inakupa kama 40. Sasa layini ikigusa boksi la powasaplai yako leo, 230 gawanya kwa 72 ni ampea 3 na kidogo. Brekai yako ya soketi ni ampea ngapi, 20? 32? Hairuki hata siku moja. Umeme unaendelea kutiririka kwenye mchanga na boksi limekaa karibu na volti 230 likikusubiri. Watu wanadhani ethi ndo inakata umeme, kwa fimbo yenye ohm hizi HAIKATI. Kinachokata ni RCD, ile yenye kitufe cha T kwenye DB (boksi la brekai), ya miliampea 30. Hiyo hata fimbo iwe na hizo ohm 72 bado inaruka, maana miliampea 30 mara 72 ni volti 2 tu. Una RCD? Piga picha ya DB uweke hapa.

Mkandarasi_wa_Mtaa
FundiChuno acha kutuharibia kazi bana. Sisi tunapima kwa balbu toka enzi za mabosi wetu na wateja wapo hai. Balbu ikiwaka maana yake umeme unapita ardhini, ukipita ardhini ethi ipo. Mteja wa nyumba ya vyumba viwili unataka akanunue mashine ya kupimia?

FundiChuno
Mkuu sio ugomvi, piga hesabu na mimi. Balbu ya wati 60, ile ya kizamani ya waya, ikiwa ya moto ni kama ohm 880. Fimbo ikiwa ohm 100 balbu inakosa volti 23 tu, kwa jicho hutaona tofauti. Twende Newala kwenye mchanga mkavu, fimbo ohm 400: balbu inapata kama volti 158, itawaka, nyekundu kidogo lakini itawaka na mteja atapiga makofi. Muda huo huo ile fimbo pale nje ina volti 70 na zaidi na mtoto anacheza karibu. Na kama nyumba ina RCD nzima basi balbu haiwaki kabisa, RCD inaruka kwanza, nimeona fundi akaichomoa RCD eti "inasumbua" ili balbu iwake!

Mita ya mkononi nayo inadanganya. Layini kwenda fimbo itasoma 230 hata ethi iwe mbovu, kwa sababu mita yenyewe hainywi umeme. Kipimo cha kweli ni ile mashine ya vijiti, kijiti kimoja unakipeleka mbali, kingine unakiweka kwenye asilimia 62 ya umbali huo, inakusomea ohm. Kukodi inawezekana, mafundi wa minara ya simu wanazo.

Na kile kitufe cha T kinapima RCD yenyewe, hakipimi ethi. Kitaruka vizuri hata kama fimbo imeng'olewa na wauza skrapa.

DadaMitwero
Salamu toka Lindi 🙋🏾‍♀️ umeme wameshasema, mimi nije kwenye midomo.

Mdogo wangu fundi wako bila kujua kakutengenezea antena ya ndani. Robo ya wimbi kwa 21 MHz ni mita 3.57. Waya wako ni mita tatu na nusu. Waya wa robo wimbi ambao ncha moja iko ardhini, ncha ya pili kwa mawimbi ya redio ni kama haijafungwa popote, na volti ya redio pale inapanda juu kabisa. Ncha hiyo ya pili ni redio yako na maiki yako na mdomo wako. Kwenye 7 MHz robo wimbi ni mita 10 na ushee kwa hiyo waya huohuo haukusumbui. Ndo maana wengine wanakwambia "kwangu haina shida", wanatumia bendi moja wana urefu mwingine wa waya.

Na kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia, dipoli HAIHITAJI ethi ili ifanye kazi. Mkono mmoja unamsukuma mwenzake basi, ardhi haihusiki. Midomo inauma kwa sababu mawimbi yanarudi juu ya ngozi ya nje ya koaksi (ule waya unaotoka kwenye redio kwenda antena) mpaka ndani, na dawa yake iko kule juu kwenye mlingoti: zungusha koaksi pale inapoanzia antena. Ukipata pete kubwa ya feraiti (FT240-31 ndo wengi wanatumia) pitisha koaksi nyembamba mara kumi au kumi na mbili, imekwisha. Huku kwetu kuipata ni mpaka uagize. Usije ukachomoa zile pete za njano na nyeupe kwenye powasaplai za kompyuta za zamani, zile ni unga wa chuma, kazi hii haziwezi. Kama huna pete chukua bomba la PVC inchi 4, zungusha koaksi mara nane hivi safu moja, usirundike, haifikii feraiti lakini kwenye 21 utaona midomo inapoa.

Ukiwa na antena ya kusimama hapo ndo ardhi inaingia, ila hata hapo unalaza waya nyingi juu ya mchanga kuizunguka antena, fimbo moja ya kuchimbia haisaidii chochote kwenye mawimbi. Isipokuwa uko pembeni kabisa ya bahari, maji ya chumvi ni kioo. Antena ya kusimama pale ufukweni Msimbati na waya mbili zimenyanyuliwa kidogo, utaongea na dunia mpaka uchoke.

KijanaWaShangani
Dada nimekuelewa sana aisee, mita tatu na nusu hiyo ningejuaje. Sasa niung'oe huo waya? Maana fundi alisema ni wa usalama.
FundiChuno picha ya DB nimeweka hapo chini, naona RCD haipo, kuna brekai nne tu na meni swichi. Fimbo ya nyumba ipo upande wa pili kule kwenye mita ya LUKU, sijui urefu.

MzeeWaMikindani
Wanangu. Nimefanya kazi ya redio melini kabla sijastaafu kwa hiyo niruhusuni nichangie kidogo, macho yenyewe ya kuandika kwenye simu hayapo.

Kijana, fimbo mbili zisizojuana ndani ya nyumba moja ni hatari kuliko fimbo moja mbaya. Radi ikipiga mlingoti, au hata ikipiga mnazi wa jirani tu, mkondo utatafuta fimbo ya dirishani. Sema ni ampea 10,000, na hiyo kwa radi ni ya kawaida. Fimbo ikiwa nzuri sana, ohm 10, pale inaruka volti laki moja. Fimbo ya LUKU kule upande wa pili haina habari, iko chini. Redio yako imeshika ya dirishani, powasaplai imeshika ya LUKU kupitia soketi. Hizo volti laki moja zitapita wapi ili zikutane? Zitapita ndani ya powasaplai yako, mezani, mbele ya kifua chako.

Kwa hiyo fimbo zote ziungwe ziwe kitu kimoja, kwa shaba nene, milimita 16 za mraba, ipite NJE ya nyumba chini ya ardhi. Sheria za Marekani za umeme zinalazimisha hivyo na wenzetu hawa wa redio huko wamezipata kwa kuunguliwa. Ukiongeza fimbo ya tatu na ya nne usizibananishe, umbali kati yake uwe mara mbili ya urefu wake, la sivyo zinagombania udongo uleule.

Melini tulikuwa tunatumia ukanda mpana wa shaba toka kwenye mtambo mpaka kwenye chuma cha meli, mfupi na ulionyooka. Waya wa duara una ukaidi wake kwa vitu vya haraka. Kila mita moja ya waya ni kama maikrohenri moja, radi ikipanda ampea 10,000 kwa maikrosekunde hiyo mita moja peke yake inajitengenezea volti 10,000, hata kama ohm zake ni sifuri kwenye mita yako. Ukiukunja kona kali ya tisini radi haifuati kona, inaruka ukutani. Pinda kwa duara pana.

DadaMitwero
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuingilia nyumba ongeza neno, wengi wanapitisha koaksi dirishani kienyeji.

MzeeWaMikindani
Marahaba binti. Koaksi isiingie ndani kabla haijaguswa. Pale nje ya dirisha weka bamba la shaba au aluminiamu, koaksi ifike pale iunganishwe kwenye kizuia radi chenye kile kidude cha gesi, ngozi ya koaksi ikae kwenye bamba, bamba lishuke kwa ukanda mfupi mpaka kwenye fimbo iliyo chini yake. Ndani hapo mezani weka kipande cha bomba la shaba au bapa nyuma ya redio, kila chombo kiwe na waya wake kuja pale, redio, tyuna, powasaplai, usivifunge kwa kupokezana kimoja baada ya kingine. Bapa hilo liende kwenye bamba la nje kwa njia fupi kuliko zote. Sasa ule waya wa mita tatu na nusu utakuwa umekufa wenyewe, sogeza meza ukutani.

Na pamoja na hayo yote, ukiona wingu jeusi chomoa. Chomoa koaksi upande wa NJE na uchomoe powasaplai kwenye soketi. Usichomoe wakati limeshaanza kunguruma, hapo kaa mbali na hiyo meza. Kile kizuia radi hakitakuokoa radi ikija moja kwa moja kwenye mlingoti, kinaokoa zile za kupita.

MwanaTandahimba
Huku kwetu uwandani mchanga mtupu na kiangazi hata mkojo unapotea. Mafundi wanachimba shimo wanaweka mkaa na chumvi kilo kadhaa wanamwagia maji. Inafaa au mbwembwe?

FundiChuno
Inashusha ohm kweli, mwezi wa kwanza ukipima utafurahi. Ila chumvi inayeyuka na mvua inaondoka, na ile iliyobaki inakula fimbo na klampu. Baada ya misimu kadhaa unachimbua unakuta kijiti kama msumari. Kwa mchanga wa kule mi ningeenda chini, fimbo za kuunganisha mbili tatu zikifuatana moja juu ya nyingine, maana unyevu uko chini sio juu. Urefu ndo unalipa, unene hauongezi kitu. Kama utaweza kupata bentonaiti, ule udongo wa wachimba visima, huo unashika maji na hauli shaba.

Nyie wa mwambao shida yenu tofauti. Ohm nzuri lakini hewa ya chumvi inakula maungio. Usifunge shaba moja kwa moja kwenye bati au bomba la zinki, bati litatoboka pale pale. Weka washa ya stenlesi katikati, paka grisi, angalia kila msimu. Mlingoti wa KijanaWaShangani nina wasiwasi nao hapo hapo kwenye klampu.

Mmasasi_Og
Na sie wa Masasi wenye mawe? Fimbo inaingia futi moja inagonga mwamba inaruka.

FundiChuno
Ulaze. Chimba mfereji wa sentimita 75 ulaze fimbo humo ufukie, au uzungushie shaba tupu nyumba nzima, hiyo ndo bora kuliko zote kwa mawe. Na kama ndo kwanza mnajenga, nondo za msingi! Kabla ya kumwaga zege toa tawi moja la shaba lililofungwa kwa klampu kwenye nondo, zaidi ya mita 6 za nondo ndani ya zege la chini. Zege lililogusana na udongo linanyonya unyevu mwaka mzima linapitisha umeme vizuri tu. Mmarekani mmoja Herbert Ufer ndo aligundua wakati wa vita kuu ya pili kwenye maghala ya mabomu Arizona, jangwani, ambako fimbo zilikuwa hazifai. Mafundi ujenzi wetu wanamwaga msingi halafu ndo wananipigia simu ya umeme, nikifika nondo zimeshazikwa.

Mkandarasi_wa_Mtaa
Hilo la nondo nimelichukua. La balbu bado sijakubali ila nitatafuta hiyo mashine nijionee.

KoroshoGhafi
😂😂 mkandarasi kaanza kulegea

KijanaWaShangani
Basi wakuu nimepata hivi, mtanirekebisha. Jumamosi fundi mwingine anakuja kuweka RCD kwenye DB na kuvuta ethi mpaka soketi ya redio. Fimbo ya dirishani nabadilisha naweka ya mita 2.4, naiunga na ya LUKU kwa shaba ya 16 kuzunguka nje. Bamba dirishani. Bomba la PVC nimeshalipata, koaksi nazungusha kesho mlingoti ukishushwa. Swali moja tu, kuzunguka nje mpaka LUKU ni mbali, naweza kukatiza ndani juu ya dari?

MzeeWaMikindani
Hapana. Ukipitisha darini umeikaribisha radi ndani ya nyumba iwapite waliolala. Zunguka nje, na kila baada ya mita tano hivi piga fimbo njiani uifunge kwenye huo huo waya. Umbali huo utakuwa faida badala ya hasara.

DadaMitwero
Na RCD ikiwekwa, siku ya kwanza paza sauti kwenye bendi zote uangalie kama hairuki. Mawimbi yakiingia kwenye nyaya za nyumba yanaweza kuichezesha. Ikiruka usiitoe, maliza kwanza kazi ya koaksi.

MwanaTandahimba
Swali la mwisho na mimi. Kwangu hakuna TANESCO, ni sola na betri ya volti 12, redio inakula moja kwa moja kwenye betri. Hayo ya RCD yananihusu?

FundiChuno
Kwa redio inayokula betri tupu hapana. Ya radi yote yanakuhusu kama alivyosema mzee, na fremu za paneli nazo ziungwe kwenye fimbo hiyo hiyo. Kasheshe ni inveta kama unayo. Zile za bei nafuu waya zote mbili za kutolea zina umeme, hakuna nyutro ya kweli, ukiunga mmoja kwenye ethi huku negativu ya betri nayo iko kwenye ethi inapiga moshi hapo hapo. Piga picha ya nyuma ya inveta uiweke hapa kabla hujaunga waya wowote.